Kabla ya mvua ya kwanza: tutembee katika lupango zetu



Katika mwezi huu wa 10, Lubumbashi ni mji wa kungoja. Vumbi jekundu limelala juu ya manjanja, juu ya majani ya miembe, juu ya nguo tulizoanika asubuhi. Jua linachoma kuliko mwezi mwingine wowote. Mchana mawingu yanakusanyika, watoto wanapiga makelele «Mvula inakuja!», kisha jioni mawingu yanaondoka bila kutupatia hata tone moja. Tunarudi kuchota maji na kungoja tena.

Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanatuandikia kila mwezi wa 3 kwamba baridi inaelekea kuisha, kwamba wanapanga kupaka nyumba rangi na kupanda maua. Sisi huku hatuna teluji, lakini nasi tuna majira yetu ya kuchipua, na yanakuja mbele ya mvua. Mtu akitoka mjini kwa barabara ya Kasapa ama ya Likasi, ataona miti ya miombo iliyokuwa mikavu katika mwezi wa 8 sasa imetoa majani machanga, mekundu kama shaba. Mvua haijaanguka bado. Miti hiyo inatumia maji iliyoyaweka ndani yake na yale ambayo mizizi inayafuata chini kabisa, ili mvua ikifika ikute majani yako tayari. Miombo inajua hesabu hiyo kuliko wengi wetu: anayengoja mvua ndipo aanze kazi, amekwisha kuchelewa.

Ndiyo maana kwa Jumamosi tatu, ile siku ambayo wazee wetu wanaiita siku ya posho, sisi wa chama tulitembea kutoka komine moja hadi nyingine, kutazama jinsi wenzetu wanavyotayarisha nyumba na lupango zao. Kila mahali tuliuliza jambo moja: maji ya mvua yataingilia wapi, yatapita wapi, yatatokea wapi? Tuliona kwamba ukijibu swali hilo vizuri, karibu kazi zote nyingine za nyumbani zinajipanga zenyewe.

Kampemba: tuanze juu

Hapa kwetu mvua zinaanza mwisho wa mwezi wa 10 ama katika mwezi wa 11, zinapata nguvu mwezi wa 12 mpaka wa 3, na katika mwezi wa 4 zinapungua. Kwa mwaka mzima zinafika karibu milimita 1,200. Karibu zote zinaanguka katika miezi hiyo michache, na zinaanguka kwanza juu ya nyumba. Basi tulianza juu.

Katika Kampemba mama mmoja mjane alitupokea katika nyumba yake ya vyumba viwili. Manjanja yake yalikuwa yanashikwa na mawe na tairi moja ya zamani. Wengi wetu tunafanya vile. Lakini mvua za kwanza zinakuja na upepo mkali, na manjanja yakiinuka, jiwe linaanguka, na mtoto anaweza kuwa chini yake. Fundi aliyekuwa pamoja nasi alipanda, akaonyesha kazi ilivyo. Msumari wa manjanja uwe na kofia, na upigwe juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, kwa sababu maji yanapita bondeni. Mbao za paa zifungwe kwa waya mpaka kwenye ukuta. Manjanja yatokeze mbele ya ukuta, ili maji yaanguke mbali na msingi, hasa kama ukuta ni wa matofali mabichi.

Kutafuta matobo hakuombi feza. Ingieni nyumbani saa sita mchana, mfunge milango na madirisha, mtazame juu. Kila mahali mwanga unapoingia, maji nayo yataingia. Mtoto mmoja aweke alama kwa makala ukutani chini ya kila tobo. Mama wa Kampemba alihesabu matobo 11, na yote yalizibwa kabla ya saa kumi.

Kisha tukapiga hesabu iliyowashangaza wengi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya manjanja ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita mraba 40, ikipata mvua moja ya milimita 20, inapokea lita 800. Tuseme sehemu moja kati ya tano inapotea: zinabaki lita 640. Hizo ni bidoni 32 za lita 20! Bidoni 32 ambazo wasichana wetu hawatabeba kichwani. Kinachohitajika ni gutieri, yaani ule mfereji unaopokea maji pembeni ya paa, hata ukiwa umekunjwa na fundi kutoka kwa janja la zamani, na pipa safi lenye kifuniko. Mvua ya kwanza tuiache ipite, maana inaosha vumbi lote la kiangazi. Maji yanayofuata ni mazuri kwa kufua, kuosha nyumba na kumwagilia. Katika mji wa madini kama wetu, ni afadhali maji ya kunywa yatoke mahali pengine.

Katuba: mvua inanyesha kwako, inalala kwangu

Katika Katuba tulifika penye lupango mbili zinazoshikana, moja juu kidogo, nyingine chini. Mvua ya mwezi wa 1 ilishuka kutoka lupango wa juu, ikachimba chini ya ukuta wa jikoni ya lupango wa chini, na ukuta ukaanguka usiku. Hakuna aliyeumia, Mungu alisaidia. Lakini tangu siku ile mama hao wawili hawakusalimiana. Watoto wao nao walikatazwa kucheza pamoja. Miezi minane ilipita namna hiyo.

Safari hii yule wa chini alikuja yeye mwenyewe kwa mwenzake, wakati ardhi ikiwa bado kavu na hasira imepoa. Alimwambia: «Yaya, mvula inanyeshaka kwako, lakini inalalaka kwangu. Tutafanya namna gani?» Yule yaya alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Ingia, tukae.» Walikaa, wakaita waume na vijana, wakatembea pamoja katika lupango zote mbili na fimbo mkononi, wakichora chini njia ambayo maji yanapenda kufuata. Tulipofika, mfereji ulikuwa umechimbwa tayari. Unapita pembeni ya lupango wa juu, unafuata mpaka wa lupango wa chini, unatoka kwenye avenyu. Chini wameweka mawe na vipande vya matofali ili maji yasile udongo. Kandokando wamepanda sinde, ile majani ya chai yenye harufu ya limau, kwa sababu mizizi yake inashika ardhi.

Tunawaambia wamama wote: huu ndio mradi wa kwanza wa lupango, mbele ya ukuta mpya na mbele ya rangi. Maji hayajui mpaka wa karatasi. Mtu akijenga ukuta mzuri bila kuacha njia ya maji, ametuma mto kwa jirani. Na jambo hili linazungumzwa vizuri zaidi wakati wa kiangazi. Katika mwezi wa 1, watu wakiwa na ndoo mkononi usiku na vitanda vimelowa, hakuna anayemsikia mwenzake.

Tena mfereji wa lupango unaishia katika mfereji wa avenyu. Tuliona mingi imejaa chupa na mifuko ya plastike, ingawa tangu mwisho wa mwaka 2017 inchi yetu ina amri inayokataza mifuko hiyo. Salongo ya asubuhi moja, nyumba kumi pamoja, inatosha kufungua avenyu moja. Takataka zilizotolewa zisiachwe pembeni ya mfereji, maana mvua ya kwanza itazirudisha mahali zilipotoka.

Ruashi: mashimo na vumbi

Ruashi ilitufundisha mambo mawili. La kwanza ni mashimo. Kiangazi ni wakati wa matofali: familia zinachimba udongo, zinafinyanga, zinaanika, zinachoma. Nyumba inapanda, na hiyo ni furaha. Lakini shimo linabaki. Mvua ikianguka, shimo linakuwa ziwa dogo katikati ya lupango. Mtoto mdogo anaweza kuzama ndani yake, na mbu wa malaria anazaa humo: tangu yai mpaka mbu anayeruka, inatosha wiki moja ama mbili. Basi anayemaliza matofali yake asihesabu kazi kuwa imeisha mpaka shimo lifungwe. Tuliona familia moja iliyojaza shimo lake pole pole, tangu mwezi wa 7, kwa majani makavu, majivu, maganda ya mboga na udongo. Sasa mahali pale ni laini na peusi, na mwenye lupango atapanda ndizi tatu humo.

La pili ni vumbi. Pembeni ya Ruashi kuna mgodi wa shaba na kobalti, na mji wetu wote ulikua juu ya kazi ya madini tangu mwaka 1910. Mwaka 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao, hasa watoto. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba vumbi na mboga ni kati ya njia ambazo madini yanapitia kuingia mwilini. Hatuandiki haya ili kuogopesha mtu. Tunayaandika kwa sababu huu ndio wakati wa kupanga bustani, na kuna mambo ambayo mama anaweza kufanya kwa mikono yake.

Anayeishi karibu na mgodi, kiwanda ama barabara ya malori, asipande lengalenga moja kwa moja katika udongo wa pale. Ainue kitanda cha bustani kwa matofali, kimo cha goti, ajaze udongo uliotoka mbali pamoja na mboleo iliyooza vizuri. Mboleo na chokaa vinasaidia udongo kushika madini yasipande katika majani. Mboga zioshwe mara tatu kwa maji mengi. Mbele ya kufagia, tunyunyize maji chini, ili watoto wasivute vumbi. Na mikono ya watoto ioshwe mbele ya bukari, si nyuma tu.

Kasapa: kichuguu, shimo la mti, na mahindi

Jumamosi ya tatu tulipanda kuelekea Kasapa, katika Annexe, ambako lupango bado ni kubwa na vichuguu vinaonekana kati ya nyumba. Vichuguu hivyo vya miombo vinaweza kupita kimo cha nyumba. Wataalamu wamepima umri wa vikubwa vya Katanga, wakakuta kuna kilichozidi miaka 2,000. Wazee wetu walijua zamani kwamba udongo wake ni wa nguvu: una udongo mfinyanzi na chokaa kuliko ardhi nyekundu inayouzunguka. Mafundi wanaupenda kwa matofali. Lakini mama mmoja mkulima alituonyesha matumizi mengine. Anachukua vikapu vichache tu, anavipondaponda, anavichanganya na mboleo, anatia katika vitanda vya mboga. «Kichuguu ni kama gunia ya unga,» alisema, «ukimwaga yote siku moja, mwezi kesho utakula nini?»

Mama huyo anachimba sasa mashimo ya miti, wakati ardhi ikiwa ngumu kama tofali, na vijana wanalalamika. Kila shimo ni sentimita 60 kwenda chini na 60 kila upande. Udongo wa juu anauweka upande mmoja, ule wa chini upande mwingine. Atakapojaza, atatanguliza ule wa juu pamoja na mboleo, maana ndimo mizizi itakula. Miti yenyewe, avoka, limau na pera, atapanda mvua zikishika kabisa, mwisho wa mwezi wa 11 ama mwezi wa 12, ili mti upate miezi minne ya kunywa kabla ya kiangazi kurudi. Avoka ataiweka mbali na nyumba, mita 8 ama zaidi, kwa sababu mti mdogo wa leo utakuwa na matawi juu ya manjanja ya kesho.

Kuna kazi nyingine inayopendelea mwezi huu: kisima. Maji ya chini yako mbali zaidi wakati wa mwisho wa kiangazi. Kisima kinachopata maji sasa kitakuwa na maji mwaka mzima. Kile cha mwezi wa 2 kinaweza kutudanganya. Kikae mbali na choo, mita 30 kama lupango unaruhusu, na kiwe upande wa juu, choo upande wa chini. Hapa tena ni lazima kuuliza choo cha jirani kiko wapi.

Na mahindi? Wote tunajua bei ya unga inavyopanda kati ya mwezi wa 1 na wa 3, na jinsi bukari ya mji huu inavyotegemea malori yanayopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Lupango haulishi familia mwaka mzima. Lakini mistari michache ya mahindi iliyopandwa kati ya katikati ya mwezi wa 11 na katikati ya mwezi wa 12, na maboga kati yake, inatoa masuke ya kuchoma na majani ya mboga wakati ule mgumu. Lengalenga inakatwa baada ya wiki tatu ama nne tu. Matembele yanafunika ardhi ya mteremko, yanazuia mvua kuibeba, na tena ni chakula. Mbegu zinunuliwe sasa. Mvua ikianza, kila mtu anazitafuta siku moja.

Feza kidogo, kazi nyingi: tuchague namna gani?

Hakuna hata mmoja wetu mwenye feza ya kufanya yote. Ndiyo maana utaratibu ni wa lazima. Baada ya kutembea, tulikubaliana hivi: kwanza paa, kwa sababu likianguka kila kitu kinaharibika. Pili njia ya maji na mashimo. Hizo zinaomba nguvu na mapatano kuliko feza. Tatu kisima, choo na pipa. Nne mbegu na miti. Tano uzuri: chokaa nyeupe ukutani, maua mbele ya mlango, kiti chini ya mwembe.

Uzuri ni wa tano, lakini usifutwe. Mama wa Kampemba, baada ya kuziba matobo yake, alibaki na msumari mmoja na bidoni moja iliyopasuka. Aliikata katikati, akaitoboa chini, akaitundika mlangoni na kupanda ua ndani yake. Nyumba inayolindwa inaomba pia kupendwa.

Kwa anayekosa feza ya misumari na waya, tunakumbusha likelemba yetu. Kikundi cha Katuba kimeamua kwamba zamu za mwezi wa 10 na wa 11 zitapewa kwanza wale wenye paa baya, hata kama majina yao yalikuwa mwisho kwenye daftari. Wenye zamu walikubali wenyewe. Vikundi vingine vinaweza kuzungumza jambo hilo.

Kazi za juma hili

Mchana mmoja: milango ifungwe, matobo yahesabiwe. Jioni moja: familia nzima, baba na watoto pamoja, wazunguke lupango na fimbo, wachore njia ya maji. Siku moja: mashimo yote yajazwe, makopo na tairi zinazoweza kushika maji ziondolewe. Karatasi za lupango, za ndoa na za kuzaliwa kwa watoto zitiwe katika mfuko wa plastike uliofungwa vizuri, na mfuko uwekwe juu, mbali na sakafu.

Na saa moja, kabla ya posho ijayo: nendeni kwa jirani wa juu na kwa jirani wa chini. Mupige hodi, mukae, muulize maji yanapita wapi. Mawingu yanakusanyika kila mchana, na moja ya siku hizi hayataondoka.